Je, Wajua? Maiti Haulizwi Sanda

Je, wajua kwamba Kaizari Joseph II wa Austria aliwahi kuwakataza raia wake kuzikwa na sanduku? Mwaka 1784 aliagiza maiti avuliwe nguo, ashonewe mfuko wa kitani na apelekwe makaburini ndani ya jeneza la parokia lenye mlango upande wa chini. Likifika juu ya kaburi, mlango unafunguliwa, maiti anadondoka, chokaa inamwagwa juu yake, na jeneza linarudi kumchukua mwingine. Kaizari alitaka kuokoa mbao na fedha. Watu wa Vienna walichachamaa hadi amri ikafutwa mwanzoni mwa 1785. Jeneza la namna hiyo linaoneshwa hadi leo katika jumba la makumbusho ya mazishi mjini humo.

Je, wajua kwamba jambo hilo lililowakasirisha watu wa Vienna ni la kawaida kabisa kuanzia Lamu hadi Kilwa? Jeneza la msikitini ni la kila mtu. Jana limembeba tajiri wa mtaa, leo linambeba muuza kashata, na wote wawili limewachukua bure. Maiti anaoshwa kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, anapakwa karafuu maiti, anafukizwa udi. Sanda ni nguo nyeupe, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke. Haina kifungo wala zipu. Inafungwa kwa vitambaa vilivyochanwa kutoka kwenye nguo ileile, na vifundo hulegezwa marehemu akishalazwa kwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani. Viunza vinapangwa, kila aliyehudhuria anatupia mchanga mara tatu, watu wanaomba dua, wanarudi. Aliyefariki alfajiri huweza kuwa amezikwa kabla ya alasiri. Gharama ni nguo, mbao na ujira wa mchimbaji, na mara nyingi wachimbaji wenyewe ni vijana wa mtaa wanaotafuta thawabu.

Nimeanza na hayo kwa sababu kuna jambo nataka lieleweke mapema. Mazishi ya bei nafuu hayamvunjii marehemu heshima. Kicheko msibani hakimvunjii heshima pia. Wazee wetu walivijua vyote viwili na walivitumia pamoja, na sisi tunavipoteza vyote viwili kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba Abu Bakr, khalifa wa kwanza, aliagiza akafiniwe kwa nguo kuukuu? Alipokuwa mahututi alitaka ile aliyoivaa ifuliwe na iongezwe nyingine mbili. Bintiye, Bibi Aisha, alipomwambia kwamba imechakaa, akamjibu kuwa aliye hai anaistahili nguo mpya kuliko maiti.

Je, wajua kwamba Mfalme Abdullah wa Saudi Arabia, mmoja wa watu matajiri kabisa duniani, alizikwa siku ileile aliyofariki, Januari 2015, kwenye kaburi lisilo na jina? Ni katika makaburi ya Al-Oud, Riyadh, miongoni mwa watu wa kawaida. Marais wengi waliokwenda kutoa pole walikuta ameshazikwa.

Je, wajua kwamba kulikuwa na wakati ambapo watu walimtupa maiti wao wakakimbia kwa kuogopa gharama? Talmud ya Wayahudi inasimulia kwamba mazishi yaliwaelemea ndugu kuliko kifo chenyewe, ikawa baadhi yao wanamwacha marehemu na kutoroka. Kiongozi wao, Rabban Gamaliel, akaagiza azikwe kwa kitani cha kawaida. Watu wote wakamfuata. Kisa hiki nakipenda kuliko vyote nitakavyovitaja hapa, kwa sababu kinatuonesha nani anaweza kuanza. Maskini akipunguza gharama anasemwa. Mwenye nacho akipunguza anaigwa. Basi msomaji mwenye uwezo, ukimzika mzazi wako kwa sanduku la bei ndogo, ujue umewapa nafuu majirani kumi ambao hawatathubutu kukushukuru mbele za watu.

Je, wajua kwamba Warumi walilitungia sheria suala hili yapata mwaka 450 kabla ya Kristo? Katika sheria zao maarufu zilizoandikwa kwenye mbao 12, ziada ilikatazwa: shela zisizidi tatu, wapiga zumari wasizidi kumi, wanawake wasijikwaruze mashavu, na dhahabu isizikwe pamoja na maiti. Kulikuwa na msamaha mmoja tu: dhahabu iliyofunga meno ya marehemu iachwe mdomoni mwake. Inaelekea wapo waliokuwa wameanza kuing'oa.

Solon, mtunga sheria wa Athens, zaidi ya miaka 100 kabla yao, alikuwa tayari amekataza kuchinja ng'ombe kaburini na kumzika mtu na nguo zaidi ya tatu.

Je, wajua kwamba kumchagulia marehemu daraja la huduma kwa kutazama sampuli ni mtindo wa kale? Mwanahistoria Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba waliokausha maiti huko Misri waliwaonesha ndugu vinyago vya mbao vilivyochorwa, vya daraja tatu: ya juu, ya kati, na ya wasiojiweza. Ndugu wakishakubaliana bei wanaondoka, na mafundi wanaanza kazi. Wataalamu wa leo wamegundua pia kwamba majeneza mengi ya Misri ya miaka ya 1000 hivi kabla ya Kristo yalitumiwa zaidi ya mara moja. Mwenyewe wa kwanza alitolewa, jina likafutwa, jingine likaandikwa juu yake.

Je, wajua kwamba Mozart hakuzikwa kama fukara? Wengi tumeaminishwa hivyo. Alifariki Vienna Desemba 1791, akapewa mazishi ya daraja la tatu, yaliyogharimu florini 8 na kreuzer 56, pamoja na florini 3 za gari. Hayo ndiyo mazishi waliyopata watu wengi wa mji ule wakati ule. Muziki wake haujapungua hata noti moja kwa sababu ya sanduku.

Je, wajua kwamba London ilikuwa na treni ya maiti? Ilianza Novemba 1854, ikitoka karibu na kituo cha Waterloo hadi makaburi ya Brookwood, kilomita 40 hivi kusini-magharibi mwa jiji. Ilikuwa na daraja tatu kwa walio hai, na daraja tatu kwa waliokufa. Nauli ya jeneza daraja la kwanza ilikuwa pauni 1, la pili shilingi 5, la tatu shilingi 2 na peni 6, kwa fedha za Kiingereza za wakati huo. Wafiwa walikata tikiti ya kwenda na kurudi. Marehemu alikatiwa ya kwenda tu. Bei hizo ziliwekwa kisheria na zikadumu miaka mingi bila kupanda, hata inasimuliwa kwamba wacheza gofu wa huko walivaa nguo za msiba ili wapande treni kwa nauli ya waombolezaji. Treni hiyo iliendelea hadi kituo chake kilipopigwa mabomu mwaka 1941.

Je, wajua kwamba chama cha kufa na kuzikana kilikuwapo zamani za Warumi, na katiba yake tunayo? Imechongwa kwenye jiwe la mji wa Lanuvium, mwaka 136 baada ya Kristo. Kiingilio kilikuwa sesterce 100 na mtungi wa divai nzuri. Ada ya kila mwezi ilikuwa sarafu tano ndogo. Mwanachama akifariki, chama kinatoa sesterce 300, na 50 kati ya hizo wanagawiwa waliohudhuria. Akifia mbali zaidi ya maili 20, wanachama watatu wanatumwa kwenda kumzika, na nauli yao inalipwa. Aliyehama kiti na kuleta vurugu kwenye karamu ya chama alitozwa faini.

Mwenye uzoefu wa kikundi cha mtaani, Tandika au Likoni, ataona hapa mambo yake yote: kiingilio, ada, safari ya kufuata maiti, hata yule mwanachama mgomvi. Lakini kipo kipengele kimoja kinachouma. Baadhi ya wanachama walikuwa watumwa. Ikiwa mtumwa amekufa na bwana wake amegoma kuutoa mwili, chama kilitengeneza sanamu yake na kuizika hiyo, kwa taratibu zote. Mtu ambaye hakumiliki hata mwili wake alichanga sarafu tano kwa mwezi ili awe na hakika kwamba atazikwa na wenzake.

Je, wajua kwamba Watoraja wa kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, hukaa na maiti nyumbani kwa miezi, hata miaka, mpaka fedha za nyati wa kuchinja zitimie? Katika muda wote huo wanamhesabu kuwa mgonjwa tu, na wanamwekea chakula.

Na hapa kwetu? Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Alizikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987. Zaidi ya miezi mitano mwili wake ulikaa mochari huku mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wa Umira Kager wakishindania mahakamani haki ya kumzika. Kesi hiyo ilijaza magazeti ya Kenya kila siku.

Je, wajua kwamba mwaka 1998 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba hospitali haina haki ya kushikilia maiti kwa sababu ya bili? Mwili wa mtu si mali ya kuwekwa rehani. Hospitali idai deni lake kama mdai mwingine yeyote, lakini maiti akazikwe. Uamuzi huo ungestahili kubandikwa kwenye mlango wa kila mochari, kwa maana familia ngapi zimeuza shamba kwa kutoujua!

Je, wajua kwamba Jiji la Nairobi lililipa shilingi milioni 283 kununua ekari 120 za makaburi huko Mavoko, karibu na mwaka 2009, ikaonekana chini kuna mwamba usiochimbika kaburi? Thamani halisi ilikuwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Kesi zilifuata, na wapo waliofungwa. Makaburi ya Lang'ata yalikuwa yameshatangazwa kuwa yamejaa.

Sasa nije kwenye kicheko, maana hapo Tanzania ina hazina.

Je, wajua kwamba kuna watu wenye ruhusa ya kumcheka marehemu akiwa bado hajazikwa, na familia haiwezi kukasirika? Ni watani. Wangoni na Wahehe, ambao mababu zao walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo, na wa makabila mengine mengi ya njia ya misafara. Utani huu uliwashangaza hata wageni: R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Usambara, aliuandikia makala katika miaka ya 1940.

Mtani anafika msibani amevaa koti la marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anaita mke kama yeye, anadai chai kama yeye. Wanawake waliokuwa wakilia wanaanza kuvuta kanga mdomoni kuficha meno. Kaburi likishachimbwa, mtani anaruka ndani na kulala chali. Haondoki. Anasema nyumba hii ameshaipata yeye, marehemu atafute nyingine, au ndugu watoe kodi. Wazee wanajipapasa mifukoni, sarafu mbili tatu zinatupwa, anazihesabu, anasema hazitoshi, wanaongeza, anatoka. Mwingine amekwishalificha jembe. Mwingine amelikalia jeneza na kudai mzigo huu ni mzito kuliko alivyokuwa mwenyewe, lazima ameondoka na deni langu.

Wanaoona hayo kwa mara ya kwanza hudhani ni utovu wa adabu. Mimi naona ni kazi ya huruma iliyopangwa kwa akili nyingi. Mtani huyohuyo ndiye anayechota maji, anayechimba, anayepika, anayehakikisha mjane amekula japo tonge mbili. Na ana uwezo mmoja ambao hakuna mwingine aliyeupata: anaweza kusema ukweli kuhusu fedha. Kaka mkubwa amekuja kutoka mjini na kutaka sanduku la gharama lenye vioo. Shangazi anajua kwamba marehemu alikosa fedha za dawa, lakini hawezi kutamka. Mchungaji hawezi. Mwenyekiti wa kamati hawezi. Mtani anauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: hicho kioo ni cha marehemu kutuona sisi, au cha wewe kuonekana? Alipokuwa hospitali ulikuwa unamtazama kwa kioo gani? Watu wanaangua kicheko, na sanduku linabadilishwa bila mtu kugombana.

Kila nikisikia familia imeajiri mshereheshaji wa msiba, huku watani wamekaa pembeni wakitazama simu zao, nasikitika kweli.

Je, wajua kwamba huko Săpânța, kaskazini mwa Romania, kuna makaburi yanayochekesha? Fundi Stan Ioan Pătraș alianza mwaka 1935 kuchonga misalaba ya mbao, akaipaka rangi ya buluu, akaandika juu yake mashairi ya kumtania marehemu: aliyependa pombe, aliyependa wanawake, aliyemsumbua mkwewe. Alichonga hata wake mwenyewe kabla ya kufa mwaka 1977, na mwanafunzi wake akaiendeleza kazi.

Wachukuzi wa jeneza wa Ghana, wale wa Benjamin Aidoo, ambao dunia nzima iliwaona wakicheza na jeneza begani mwaka 2020, ni huduma ya kulipia. Familia huchagua mazishi ya kimya au ya kucheza.

Disko matanga nayo, huko Pwani na magharibi mwa Kenya, ilianza kama njia ya kuchangisha fedha za mazishi usiku wa mkesha. Imeharibika. Wasichana wadogo wamedhuriwa humo, na viongozi wameipiga marufuku mara kwa mara. Nawaunga mkono bila kusita, na naongeza kwamba familia isingehitaji kukodi spika kama sanduku lingekuwa la bei wanayoimudu.

Je, wajua kwamba Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, alikataa kukatiwa mti? Alipofariki Septemba 2011, mwili wake uliwekwa katika jeneza la magugu maji, mafunjo na mianzi, ukachomwa Kariokor, Nairobi. Serikali ilimpa mazishi ya kitaifa, na lile jeneza la magugu likafunikwa bendera.

Waganda wanalo jambo kama hilo tangu kale. Wanamvika marehemu lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, na mti ukivuliwa gome kwa ustadi huota jingine.

Je, wajua kwamba mwandishi Jessica Mitford aliitikisa biashara ya mazishi ya Marekani kwa kitabu kimoja cha mwaka 1963? Mumewe, wakili Robert Treuhaft, aliona jinsi fedha za rambirambi za wafanyakazi aliowatetea zinavyoishia kwa wenye kampuni za mazishi, kiasi chochote ziwe. Kitabu, The American Way of Death, kilieleza mbinu zote, na kilichekesha sana. Baadaye sheria ikaja: tangu 1984 kampuni ya mazishi Marekani inalazimika kukupa orodha ya bei, na kukujibu hata ukiuliza kwa simu. Leo hairuhusiwi kukataa sanduku ulilonunua kwingine. Mitford alifariki 1996 na akachomwa kwa bei ndogo.

Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini mdomo tunao. Kufa kufaana, na fundi wa masanduku naye ana watoto wa kulisha; hakuna ubaya kumuuliza bei tatu kabla ya kutoa fedha. Anayekwenda kuuliza awe ndugu ambaye hajalia sana. Uliza mochari wanatoza kiasi gani kwa siku, kwa sababu kila siku mnayomsubiri ndugu wa ng'ambo ni bili. Uliza kama gari linahesabiwa kwenda tu au na kurudi. Fulana zenye picha, video, maua ya plastiki, spika ya pili: yote hayo huamuliwa usiku, na watu waliochoka, na hulipwa asubuhi na mjane. Mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya iliruhusu watu 15 tu kwenye maziko, na marehemu walizikwa upesi. Uchungu wa kutoagana ulikuwa mkubwa na siutetei. Lakini familia nyingi zilijua wakati ule ni kipi cha lazima na kipi cha kuongezea.

Je, wajua kwamba chakula cha msibani tumekigeuza juu chini? Ja'far bin Abi Talib alipouawa vitani Mu'ta mwaka 629, Mtume aliwaagiza watu wawapikie jamaa za Ja'far, kwa kuwa wamepatwa na la kuwashughulisha. Majirani ndio wapike. Leo wafiwa, Waislamu kwa Wakristo, wanakopa mchele kuwalisha majirani, na majirani wanarudi nyumbani wakisema nyama ilikuwa chache.

Na mwisho, je, wajua kitu ninachokiheshimu kuliko vyote katika misiba ya Tanzania? Siku ya kuanua matanga, katibu wa kamati anasimama na daftari na kusoma mapato na matumizi. Rambirambi zilizoingia, hizi. Sanduku, hizi. Mafuta ya gari, hizi. Wali na maharage, hizi. Kisha anataja salio na kulikabidhi mbele ya wote. Nimesikia salio la kutosha ada ya shule ya muhula mzima, na nimesikia salio ambalo mjane hakuweza kununulia hata gunia la mkaa. Michango ilikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa sanduku na tenti. Kwa hiyo ukichaguliwa kwenye kamati, omba daftari lisomwe pia usiku ule wa kwanza, kabla ya kununua kitu chochote, na uliza kwa sauti mtoto wa marehemu yuko darasa la ngapi.